Milioni sita za shule: tupaue boma au tupike uji?

Boma la darasa katika shule yetu lina miaka mitatu bila bati. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, na ndani kumeota mchicha wa porini ambao majirani huja kuuchuma jioni. Kila mkutano wa wazazi lazima mtu asimame, alinyooshee kidole, aulize: lini? Mwaka huu swali hilo limepata uzito, maana waliosoma hapa zamani wamechangishana wakatuletea shilingi milioni sita, na kamati ya shule ndiyo itakayosema zifanye nini.

Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Kabla ya kustaafu nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka kumi na tisa, hapa hapa mkoani Tanga, kwa hiyo nina upande; msomaji ajue mapema. Mezani yamekuja mapendekezo manne: kupaua boma, kuanzisha uji, kununua vitabu, na kuwalipa posho walimu wa kujitolea. La tano nimelipeleka mimi, na kwa kuwa halina gharama kubwa wenzangu walilichukulia kama mzaha: saa moja kila siku ambayo watoto wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa darasa walilosajiliwa.

Nayalinganisha yote matano kwa maswali matatu. Linamfikia mtoto gani? Linagharimu nini hasa, ukihesabu na vile visivyosemwa kikaoni? Na tukiliacha, nani mwingine angeweza kulilipia? Hili la tatu ndilo tunalolisahau kila mara.

Tulichonacho, na mtoto ninayempimia

Shule yetu ina wanafunzi 900. Tangu Elimu Bila Malipo ianze Januari 2016, shule haidai ada wala mchango wa lazima. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, na 4,000 hubaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: milioni 5.4 kwa mwaka mzima, za chaki, ukarabati, mitihani, michezo na karatasi za ofisi. Yaani hizi milioni sita ni kama ruzuku ya mwaka mwingine imetuangukia kwa mpigo. Kwetu ni fedha nyingi. Kwa fundi ujenzi si kitu.

Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu mkuu nikae na watoto wa darasa la tatu, mmoja mmoja, na karatasi moja. Juu silabi, chini yake maneno, kisha aya fupi, mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ni mtindo ambao Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, wameutumia miaka mingi kuwapima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda. Walionikwamia kwenye maneno walikuwa wengi kuliko nilivyojiandaa kusikia. Binti mmoja alikuwa na daftari safi kuliko la mtu yeyote, tarehe imepigiwa mstari kwa rula, mwandiko umetulia. Nikamwambia anisomee alichoandika jana yake. Akanitazama, akalitazama daftari, akasema, "Mwalimu, mimi nimenakili tu."

Huyo ndiye ninayempimia kila pendekezo. Wapo watoto watakaofaulu la saba hata tukiwafundishia chini ya mwembe, na shule nyingi hujivunia hao hao wachache kisha zikaita hayo maendeleo.

Boma na uji

Nimeyaweka pamoja haya mawili kwa sababu ndiyo yanayowagawa wazazi wetu: akina baba wengi wako kwenye bati, akina mama wengi kwenye sufuria. (Si wote. Mwenyekiti wetu ni mama, na anataka bati.)

Darasa la serikali si jengo la bei rahisi. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa lilitengewa milioni 20. Kwa maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi, serikali imekuwa ikipeleka milioni 12.5 kumalizia moja. Sasa chukua milioni sita zetu. Fundi anasema zinatosha mbao, kenchi, bati na misumari. Sakafu hakuna. Madirisha hakuna. Lipu, ubao, madawati, vyote vingoje. Tutakuwa na paa zuri juu ya vumbi, na watoto bado wako kule kule.

Mgala muue na haki yake mpe: msongamano upo. Darasa la pili lina watoto 118 chumba kimoja, na kipimo cha nchi ni 45 kwa mwalimu. Mwalimu hawezi kupita kati ya madawati, anafundisha safu mbili za mbele na wengine anawanyamazisha. Lakini chumba cha pili kinataka mwalimu wa pili. Asipokuwepo, wale 118 watagawanywa, 59 wakae na mwalimu na 59 wakae na kiranja.

Kinachonifanya nilisogeze boma nyuma zaidi ni lile swali la tatu. Boma lina mlipaji mwingine. Liko kwenye orodha ya halmashauri, diwani analiombea fedha kila bajeti, mbunge akija hupigwa picha mbele yake. Linaweza kuchelewa, na limeshachelewa, ila lina mlango wa kubisha. Uji wa darasa la kwanza hauna mlango wowote. Waraka wa Elimu Bila Malipo umemwachia mzazi chakula cha mtoto wa kutwa, na mzazi asipokuwa nacho, hapo ndipo hadithi inapoishia.

Watoto wetu huondoka nyumbani alfajiri, wengine wamekunywa chai ya rangi, wengine hawakunywa kitu. Wazazi wanakata mkonge au wanachuma machungwa kwa ujira wa siku. Ikifika saa nne, vichwa vinaanza kulala kwenye madawati, na kengele ya mapumziko ikilia wapo wanaotoka na mikoba yao wasirudi. Msimu wa machungwa ndiyo usiseme: barabarani mtoto anapata hela ya andazi, darasani hapati.

Hesabu ya uji ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja, unga gramu 50 kwa kikombe, ni kilo 9.7 kwa mwaka, yaani kama nusu debe ya mahindi. Nusu debe kwa mwaka hata mkata mkonge anaweza, akiruhusiwa kuileta kidogo kidogo wakati wa mavuno. Tukianza na awali, la kwanza na la pili peke yao, watoto 300, kinachobaki kununuliwa ni sukari, nishati, sufuria na ujira wa mpishi. Nimekadiria sukari gramu 10 kwa kikombe, kilo 582, kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni milioni 1.75. Mpishi laki sita kwa miezi kumi. Sufuria mbili kubwa laki tatu. Nishati nimeweka laki tisa, kwa sababu kuni za bure zimeshapigwa marufuku: serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na sisi tutawalisha 300. Jumla milioni tatu na nusu na kidogo.

Je, uji unamfundisha mtoto kusoma? Peke yake, hapana. Huko Busia na Teso, Kenya, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer waliangalia shule za awali zilizopewa uji wa asubuhi. Mahudhurio yalikuwa juu kwa karibu theluthi kuliko shule zisizo na uji. Alama, hata hivyo, zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa amefundwa vizuri tangu mwanzo, na upikaji wenyewe ulikula muda wa kufundisha. Hilo la muda nalijua kwa macho yangu. Shule moja niliyowahi kufundisha, uji ulikuwa unaiva saa tano, mstari unazunguka jengo, na tukirudi darasani vipindi viwili vimekwenda. Uji usipokuwa tayari kabla ya saa nne, bora usiwepo.

Sharti la pili ni la haki. Mahindi yapokelewe na serikali ya kijiji pamoja na kamati, mwalimu asishike debe. Na mtoto ambaye kwao hakikuletwa kitu anywe kama wengine. Siku ya kwanza mtoto atakaponyimwa kikombe, tumerudisha ada kwa mlango wa jikoni.

Vitabu, na ile saa moja

Vitabu vinapendwa na wafadhili kwa sababu vinahesabika. Kamati nayo inavipenda, maana risiti yake ni safi. Lakini kitabu kina tabia ya kumwendea mtoto anayejua kusoma. Miaka ya 1990 huko huko Busia, shule ziligawiwa vitabu vya kiada, kisha Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin wakalinganisha matokeo. Wastani haukupanda. Waliopanda ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa kule, na vimeandikwa kwa kasi ya mtoto wa mjini.

Sisi tutasema vya kwetu ni vya Kiswahili, na kweli hiyo ni nafuu kubwa. Hapa Tanga Kiswahili ni lugha ya mama kwa watoto wengi, tofauti na mwenzangu anayefundisha Simiyu, ambaye mtoto anaingia la kwanza na Kisukuma chake. Hata hivyo yule binti wa daftari safi, ukimpa kitabu kipya cha darasa la tatu, utakuwa umempa kitu kingine cha kunakili.

Kenya walijifunza kitu hapo. Katika mradi wa majaribio wa PRIMR, kati ya 2012 na 2014, walilinganisha njia tatu: kuwafunda walimu na kuwatembelea tu; kufanya hivyo na kila mtoto awe na kitabu chake; na njia ya tatu, yote hayo pamoja na kiongozi cha mwalimu chenye somo la kila siku. Mafunzo peke yake yalileta kidogo. Vitabu vikiongezwa, nafuu. Kiongozi cha mwalimu kikaingia, ndipo faida ikazidi gharama yake kwa mbali. Kuanzia 2015 hilo likawa Tusome, likaenda madarasa ya chini ya nchi nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia tununue vitabu, nitamwuliza: vitafunguliwa saa ngapi, na nani, na mwalimu atafanya nini dakika ya kwanza?

Hapo ndipo ile saa yangu inapoingia. Wazo si langu. Shirika la Pratham la India limelifanya kwa miaka mingi, na Zambia wameliingiza shule za serikali kwa jina la Catch Up. Watoto wa la tatu, la nne na la tano wanapimwa kwa karatasi kama ile yangu, kisha kwa saa moja kila siku madarasa yanavunjwa: wa silabi wanakwenda kwa mwalimu huyu, wa maneno kwa yule, wa hadithi wanakaa na vitabu. Baada ya saa moja kila mtu anarudi darasani kwake. Baada ya wiki sita wanapimwa tena na kuhamishwa.

Wenzangu walikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, watoto wa nyuma watadharauliwa wakiwekwa pamoja. Ni hofu ya kweli, na majina ya makundi yaangaliwe (tafadhali, lisiwepo "kundi la wazito"). Lakini huko magharibi mwa Kenya, katika shule 121, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walilinganisha shule zilizogawa darasa la kwanza kwa uwezo na zilizogawa kwa bahati nasibu. Waliofaidika kwenye kugawa kwa uwezo ni wa mbele na wa nyuma pia, kwa sababu mwalimu alipata mahali pamoja pa kusimama. Mtu aliyewahi kufundisha silabi kwa watoto 118, ishirini wakiwa wanasoma gazeti na arobaini hawajui "ba" na "da", hahitaji utafiti kulielewa hilo.

Hofu ya pili ni mtaala: saa moja itatoka wapi? Hapa nakiri ugumu. India, pale ambapo walimu wa serikali walipewa mafunzo na vifaa bila saa maalumu kwenye ratiba, hakuna kilichobadilika. Walirudi kumaliza silabasi. Huko huko India, jimbo la Haryana, saa ilipoandikwa rasmi kwenye ratiba, na wasimamizi wakawa wanapita kuangalia, watoto walisonga mbele. Kwa hiyo likiwa jambo la "tukipata nafasi", nafasi haitapatikana. Lazima afisa elimu kata alibariki na liandikwe ukutani: saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, kila siku, hata siku ya ugeni.

Gharama: kuwafunda walimu siku mbili, kadi za silabi, kunakili karatasi, chai. Laki tano zinatosha. Na hapo ndipo vitabu vinapata kazi, si vya kiada, ambavyo vina mlipaji wake kwenye zile 4,000 zinazobaki juu, bali vitabu vya hadithi vifupi vya kundi la aya na kundi la hadithi. 150 kwa shilingi 5,000 ni laki saba na nusu.

Mwalimu mpya, au mwalimu aliyepo?

Kila kijiji kina vijana waliomaliza ualimu wakangoja ajira mpaka wakachoka. Hapa kwetu wako watatu, mmoja anaendesha bodaboda. Kuwalipa wawili posho ya 150,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ni milioni tatu. Wanajua kufundisha, wanawajua watoto kwa majina ya bibi zao, na wana hamu.

Lakini kuna jambo ambalo sisi walimu hatupendi kulisema mbele ya wazazi. Mwaka 2014, Benki ya Dunia ilipopita shule za msingi za Tanzania bila kutoa taarifa, karibu nusu ya walimu hawakukutwa darasani. Wengi wao walikuwa shuleni: ofisini, chini ya mti, kwenye madaftari, kwenye kikao. Sababu zipo nyingi na nyingine si za mwalimu, maana nyumba yake iko maili nyingi na fomu za kujaza haziishi. Mimi mwenyewe nimekaa chini ya huo mti. Ila kabla ya kununua saa za mwalimu mwingine, busara ni kuuliza saa za aliyepo zinakwenda wapi.

Duflo na wenzake, wale wa shule 121 za Kenya, waliona hatari ya kuongeza mwalimu. Shule zilipopewa mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza, wanafunzi kwa mwalimu walishuka kutoka wastani wa 82 hadi 44. Watoto walioangukia kwa mwalimu wa mkataba walifanya vizuri zaidi. Waliobaki na mwalimu wa serikali hawakuonyesha tofauti ya maana, kwa kuwa mwalimu huyo aliona mzigo umepungua akapunguza na kuingia darasani. Na mpango wa walimu wa mkataba ulipojaribiwa kwa upana zaidi, ukiendeshwa na shirika ulileta alama. Ukiendeshwa na serikali yenyewe haukuleta kitu. Tofauti haikuwa kwa vijana.

Kilichobadilisha mambo katika shule zile za kwanza ni kamati. Pale ambapo kamati za wazazi zilifundwa namna ya kumfuatilia mwalimu wa mkataba na kuamua kama aongezewe muda, uzembe ulipungua. Soma hapo tena, mjumbe mwenzangu: hiyo haikununuliwa dukani. Wazazi wawili kwa zamu, siku mbili kwa wiki, wapite madarasani wahesabu tu: darasa hili lina mwalimu, hili halina. Daftari moja la shilingi elfu moja.

Wapo wanaosema tuwape walimu motisha ya fedha. Tanzania imelipima hilo kuliko nchi nyingi. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi. Kundi lingine, mwalimu wa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama; wazazi nao walipoona shule ina fedha walipunguza walichokuwa wakiwatolea watoto wao. Motisha peke yake ilisaidia kidogo tu. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza kweli, tena zaidi ya kujumlisha faida ya kila kimoja.

Kwetu motisha ya namna hiyo haiwezekani, inataka wapimaji kutoka nje ambao hatuna. Ninachokichukua pale ni kwamba kifaa na msukumo vinatembea pamoja. Boma bila mwalimu ni kifaa kisicho na msukumo. Kuwafokea walimu kikaoni, jambo ambalo wazazi wetu ni mafundi, ni msukumo usio na kifaa.

Kuhusu makambi ya darasa la saba, ambayo mzazi mmoja aliyataja dakika za mwisho: yanapandisha ufaulu wa waliokaribia kufaulu. Yule binti yuko la tatu. Tuendelee.

Kwa jicho moja

| Pendekezo | Makadirio yetu | Mlipaji mwingine | Linamfikia asiyejua kusoma? | Litaharibika vipi |
|---|---|---|---|---|
| Kupaua boma | 6,000,000, bila sakafu wala madirisha | Halmashauri | Kwa mbali, akipatikana mwalimu | Paa tupu |
| Uji, awali hadi la pili | 3,550,000 na mahindi ya wazazi | Hakuna | Unamleta na kumkalisha | Unaiva saa tano |
| Vitabu vya kiada | Kadiri utakavyo | Ruzuku inayobaki juu | Kidogo | Kabati lenye kufuli |
| Saa moja na vitabu vya hadithi | 1,250,000 | Hakuna | Moja kwa moja | Saa kumezwa na ratiba |
| Walimu wawili wa kujitolea | 3,000,000 | Ajira mpya, siku ikifika | Ndiyo, wakipewa kundi la silabi | Wa kudumu kupumzika, posho kuchelewa |

Pendekezo langu ni uji wa madarasa ya chini, saa moja na vitabu vyake vya hadithi, na mwalimu mmoja wa kujitolea kwa miezi minane atakayeshika kundi la silabi: 3,550,000, jumlisha 1,250,000, jumlisha 1,200,000. Inafika milioni sita kamili na haibaki hata ya soda. Boma liandikiwe barua mpya kwa mkurugenzi, yenye vipimo, picha na idadi ya watoto wa la pili.

Pingamizi zito nililolipata halikutoka kwa wapenda bati wenyewe, lilitoka kwa mhasibu mstaafu anayekaa kimya vikao vyote. Alisema fedha ya mara moja inunue kitu cha mara moja. Uji mwaka kesho utalipwa na nani? Sikulala vizuri usiku ule. Jibu nililonalo ni pungufu lakini ni hili. Sufuria tutakuwa nazo tayari. Sukari inaweza kupungua au kuondolewa kabisa. Michungwa ya shule, ambayo sasa hivi mazao yake hayajulikani yanaingia mfuko gani, ikodishwe kwa maandishi na fedha yake iwe ya mpishi. Na kusoma nako ni kitu cha mara moja: mtoto akishaunganisha silabi mwaka huu hatuhitaji kumlipia tena mwakani. Wanaobaki kulipiwa ni wanaoingia. Mhasibu hakuridhika na la michungwa. Alitaka aone mkataba kwanza, na yuko sahihi.

Shule yako ikiwa si kama yetu

Vyoo vikiwa vimetitia, acha yote haya. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na hakuna uji unaofaa kupikwa mahali ambapo watoto 300 wanajisaidia kichakani. Msichana wa la sita atakosa siku kila mwezi hata ukimwekea maktaba.

Shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, zenye zamu mbili na watoto wanaozidi elfu mbili, uji ni kazi kubwa kuliko kamati inavyoweza. Wao ningeanza na ile saa na walimu wa kujitolea, na kwa kweli huko darasa jipya lina maana, kwa kuwa walimu wapo na vyumba ndivyo havipo. Uangalie uwiano wa kwenu kabla hujaiga wa kwetu.

Shule ya kijijini kabisa, walimu watatu kwa madarasa saba, haina cha kulinganisha. Mwalimu wa kujitolea kwanza, alipwe tarehe ile ile kila mwezi, halafu makundi ya kusoma, ambayo kwa walimu wachache yanapunguza mzigo badala ya kuuongeza: watatu wanafundisha makundi matatu, badala ya kukimbizana na madarasa saba.

Na kama boma lenu limebakiza sakafu tu, malizieni. Milioni moja inayofungua mlango ni tofauti na milioni sita zinazofunika vumbi.

Kikao chetu ni Jumamosi. Nimeomba kianze saa tatu badala ya saa tano, ili kila mjumbe akae kwanza na watoto wawili wa darasa la tatu na karatasi ile ya silabi. Kura itapigwa baada ya hapo, ndani ya boma, kama mvua haitanyesha.